Dola milioni 5 golini: kipa, kikomo cha mishahara na hesabu za Edmonton

Tarehe 7 Novemba 2023 klabu ya hoki ya barafu ya Edmonton Oilers ilimtangaza kipa wake Jack Campbell kuwa huru kuchukuliwa. Kwa saa 24 timu yoyote kati ya 31 nyingine za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, ingeweza kumchukua bila kutoa chochote, mradi tu iubebe mkataba wake: dola milioni 5 kwa mwaka, hadi 2027. Hakuna iliyonyoosha mkono. Akapelekwa Bakersfield, California, kwenye timu ya chini ya Edmonton inayocheza ligi ya AHL. Tarehe 12 kocha Jay Woodcroft naye akafutwa kazi. Timu ilikuwa imecheza mechi 13 na kushinda 3.

Msimu huohuo, timu hiyohiyo ilishinda mechi 16 mfululizo, ikamaliza na pointi 104, ikafika mechi ya 7 ya fainali ya Kombe la Stanley na kufungwa 2-1 na Florida Panthers. Golini alikuwapo zaidi Stuart Skinner, ambaye mkataba wake ulikuwa wa dola milioni 2.6 kwa mwaka, akisaidiwa na Calvin Pickard aliyelipwa chini ya dola laki 8.

Ukiisoma habari hiyo haraka unaondoka na jibu jepesi, kwamba kipa wa bei ndogo anatosha na pesa nyingi wapewe washambuliaji. Jibu hilo limewaponza mameneja wengi, sawa na lile la upande wa pili linalosema bila kipa bora usijisumbue kuanza msimu. Ninavyoona, swali la bei huja baadaye. Linalotangulia ni hili: kipa akiharibika mwezi wa kumi na moja, timu imebakiwa na nafasi gani ya kurekebisha? Hapo ndipo kikomo cha mishahara na lango vinapokutana, na msimu wa Edmonton unaonyesha hilo vizuri kuliko mwingine wowote wa miaka ya karibuni.

Kikomo kinavyohesabiwa

NHL ilipoteza msimu mzima wa 2004-05 kwa sababu wamiliki walifunga milango wakitaka kikomo. Waliporudi 2005-06 walikuwa nacho: dola milioni 39 kwa timu. Kufikia 2019-20 kilikuwa milioni 81.5, kikaganda kwa sababu ya korona, kikawa 83.5 msimu wa 2023-24, kisha 88, kisha 95.5 msimu wa 2025-26. Tofauti na mpira wa kikapu wa NBA, hapa huwezi kukipita halafu ukalipa kodi ya anasa. Ukuta ni ukuta.

Kinachoingia kwenye hesabu ni wastani wa mkataba kwa mwaka. Mchezaji aliyesaini miaka 5 kwa jumla ya milioni 25 anahesabiwa milioni 5 kila mwaka, hata kama mwaka huu anapokea mkononi 5.4 na mwaka wa mwisho 3.9. Wachezaji wa timu kubwa hawazidi 23, na kila mechi huvaa 20: wa uwanjani 18 na makipa 2. Mmoja hawezi kupewa zaidi ya asilimia 20 ya kikomo, na kuanzia msimu wa 2023-24 hadi 2025-26 hakuna aliyelipwa chini ya dola 775,000.

Jambo ambalo mashabiki wengi hulipita ni kwamba hesabu hufanywa kwa siku. Msimu wa kawaida una siku 190 hivi. Timu iliyoanza Oktoba na nafasi ya dola milioni 1, ikaiacha bila kuigusa, inaikusanya kidogokidogo. Dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa mwanzoni mwa Machi zimebaki siku kama 42. Gawanya 190 kwa 42, utaona ile milioni 1 sasa inatosha kumleta mchezaji mwenye mkataba wa milioni 4.5, maana kinacholipwa ni kipande chake cha mwisho tu. Ndiyo sababu meneja mwerevu hulinda hata dola laki 3 mwezi wa kumi kama mtu anayelinda mbegu.

Ila ukiingia kwenye utaratibu wa majeruhi wa muda mrefu, mkusanyiko huo husimama. Utaratibu wenyewe ni hivi: mchezaji akitarajiwa kukosa angalau mechi 10 na siku 24, timu inaruhusiwa kupita kikomo kwa kiasi cha mkataba wake. Tampa Bay ilimweka nje Nikita Kucherov msimu mzima wa 2020-21, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, akaongoza mtoano kwa pointi 32 (pointi za mchezaji ni magoli yake na pasi zake za magoli) na wakachukua kombe. Wakati huo mtoano haukuwa na kikomo kabisa. Kuanzia 2025-26 wale 20 wanaovaa mechi ya mtoano lazima watoshee chini ya kikomo, na nafasi inayopatikana kwa majeruhi atakayerudi msimu huohuo imefungwa kwenye wastani wa mshahara wa ligi. Mlango ule haujafungwa wote, lakini sasa unapita ukiwa umeinama.

Rudi kwa Campbell. Kumpeleka AHL hakuufuti mkataba wake. Kinachopunguzwa ni kima cha chini cha mshahara pamoja na dola 375,000, yaani jumla ya milioni 1.15 msimu ule. Zilizobaki, milioni 3.85, ziliendelea kukaa kwenye vitabu vya Edmonton huku mwenyewe akidaka California. Jumlisha na Skinner na Pickard: lango la Edmonton lilikula zaidi ya dola milioni 7. Msimu huohuo Winnipeg Jets walikuwa na Connor Hellebuyck kwa milioni 6.17 hivi, na ndiye aliyechukua tuzo ya Vezina ya kipa bora. Kwa hiyo anayeisimulia Edmonton ile kuwa timu iliyofika fainali na kipa rahisi anaikosea hesabu. Lango lao lilikuwa ghali; nusu ya pesa ndiyo haikuwa uwanjani.

Asilimia moja ina magoli mangapi

Timu ya NHL hupigiwa mashuti 29 hivi kwa mechi. Mara mechi 82, ni karibu 2,400. Asilimia moja ya hayo ni magoli 24. Kanuni ya kukadiria wanayotumia wachambuzi ni kwamba tofauti ya magoli 6 huleta ushindi mmoja, yaani pointi 2. Basi kipa anayeokoa asilimia 91 badala ya 90, akidaka mechi zote, ana thamani ya ushindi 4 na pointi 8.

Pointi 8 ni nyingi kiasi gani? Msimu wa 2022-23 Florida waliingia mtoano na pointi 92. Pittsburgh na Buffalo walibaki nje na 91. Msimu wa 2024-25 St. Louis na Calgary wote walimaliza na 96, St. Louis wakapita kwa kigezo cha ushindi ndani ya dakika 60. Calgary, ambao kipa wao mchanga Dustin Wolf alikuwa miongoni mwa nyota wa mwaka, walikaa nyumbani.

Wastani wa ligi nzima umeshuka. Miaka kumi hivi iliyopita ulikuwa asilimia 91.5, msimu wa 2024-25 ulikuwa karibu 90. Washambuliaji wamejifunza kuacha mashuti ya mbali yasiyo na maana na kupiga wakiwa karibu, baada ya pasi ya kuvuka. Kwa hiyo ukimlinganisha kipa wa leo na namba za 2015 unamwonea.

Campbell aliokoa asilimia 88.8 msimu wake wa kwanza Edmonton, 2022-23, katika mechi 36. Kwa mashuti elfu moja hivi, pengo kati yake na kipa wa kawaida lilikuwa magoli zaidi ya 15. Hata hivyo alishinda mechi 21 na kupoteza 9 ndani ya muda wa kawaida. Kwa nini? Connor McDavid alifikisha pointi 153 mwaka huo, na Edmonton walifunga asilimia 32.4 ya nafasi zao wakati mpinzani ana mchezaji aliyetolewa nje kwa muda kwa adhabu, rekodi ya NHL. Magoli ya mbele yalifunika uvujaji wa nyuma. Rekodi ya ushindi ya kipa ni namba ya timu. Anayeitumia kupanga mshahara anajitafutia hasara.

Namba inayofaa zaidi ni magoli aliyookoa kuliko yaliyotarajiwa. Kila shuti hupewa uwezekano wake wa kuingia kwa kuangalia umbali, pembe, aina ya shuti, kama lilitokana na mpira uliorudi na kama timu ilikuwa pungufu. Shuti la beki kutoka mita 17 bila mtu mbele lina uwezekano wa asilimia 2 au 3. La kusukuma mbele ya goli baada ya kipa kutema linaweza kuzidi 20. Jumlisha yote, toa magoli aliyofungwa kweli, na hapo unaanza kumwona kipa mwenyewe. Upungufu wake ni kwamba hesabu nyingi za aina hii hazijui pasi iliyopigwa kabla ya shuti, na pasi hiyo ndiyo inayoua makipa.

Kazi yenyewe golini

Lango lina upana wa mita 1.83 na kimo cha 1.22. Paki, kile kisahani cha mpira mgumu chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 160 hivi, ikipigwa kwa kilomita 140 kwa saa kutoka mita 10 inafika kwa robo ya sekunde. Jicho na mkono wa binadamu haviwezi kutegemewa kwa muda huo. Kipa huokoa kwa kuwa mahali sahihi kabla shuti halijapigwa.

Akisimama kwenye mstari, mpigaji wa mita 10 anaona lango lote. Akisogea mbele mita 1.5, upana anaotakiwa kuuziba unapungua hadi karibu 1.56. Ndiyo faida ya kutoka. Gharama yake ni kwamba paki ikipigwa pasi upande wa pili, aliyetoka mbele ana safari ndefu zaidi ya kurudi. Kwa hiyo makipa warefu wa leo hukaa nyuma zaidi kuliko wa zamani: urefu wao unaziba, na safari zao ni fupi.

Karibu wote hudaka kwa kupiga magoti huku miguu imefunguka pembeni, pedi zikiziba chini. Pedi haziruhusiwi kuzidi upana wa inchi 11, sawa na sentimita 28. Paki ikiwa nyuma ya mstari wa goli au kwenye pembe kali kabisa, wanatumia mkao wa kuegemea mlingoti: goti la karibu na mlingoti chini, pedi imelala barafuni, bega na mkono vimebana chuma. Mkao huu umeokoa magoli mengi na umeleta ugonjwa mpya. Kipa akiuingia mapema, mpigaji akiwa bado mbele ya mstari, anaacha uwazi mdogo juu ya bega, kati ya kofia na mlingoti. Wapigaji wa NHL wanaijua sehemu hiyo kwa kipimo. Ukiona kipa anafungwa hapo mara tatu ndani ya wiki mbili, tatizo mara nyingi ni muda wa kushuka, wala si kasi ya mkono.

Mengine yanayoharibika ni kutema: shuti la chini linalogonga pedi na kurudi katikati badala ya kusukumwa pembeni. Halafu kupoteza macho kwenye msitu wa miguu. Kipa mwenye hofu huinuka kuchungulia juu ya mabega, anajinyoosha, na chini panafunguka. Kocha wa makipa anaweza kusahihisha haya, lakini anahitaji siku za mazoezi, na ratiba ya mechi 82 ndani ya miezi sita haina siku hizo. Ndiyo sababu timu humshusha kipa AHL: kule kuna nafasi ya kufanya kazi kwa wiki nzima bila kamera. (Kwa wanaofuatilia kutoka kwetu, mechi ya Edmonton inayoanza saa 1 usiku kule wakati wa baridi ni saa 11 alfajiri Nairobi na Dar es Salaam. Na Nairobi yenyewe ina hoki yake: Kenya Ice Lions, walioanzia uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari na kualikwa Kanada mwaka 2018, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon.)

Mabeki wana sehemu yao. Beki anayekata pasi ya kuvuka mbele ya goli anapunguza ubora wa shuti kabla kipa hajahusika. Ukimlipa kipa milioni 10 halafu ukaokoteza mabeki wawili wa kima cha chini, umenunua mwavuli na kubomoa paa. New York Rangers walikuwa na pointi 114 msimu wa 2023-24, wakashuka hadi 85 uliofuata na kukosa mtoano. Kipa alikuwa yuleyule, Igor Shesterkin, mmoja wa watatu au wanne bora duniani.

Bahati, na kwa nini mikataba mirefu hukosea

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Chukua kipa wa kwanza wa timu: mechi 50, mashuti 1,500. Tuseme uwezo wake wa kweli ni asilimia 90.5 na haubadiliki. Kwa bahati tupu, bila kuboreka wala kuzorota, matokeo yake ya msimu yatayumba kwa karibu robo tatu ya asilimia moja juu au chini, na wakati mwingine zaidi. Hayo ni magoli 11. Mwaka mmoja ataonekana 91.3 na kupigiwa kura ya nyota. Mwaka ujao 89.7 na kuzomewa. Ni mtu yuleyule.

Ili kelele hizo zitulie unahitaji mashuti elfu kadhaa, yaani misimu mitatu au minne. Edmonton walipomsaini Campbell Julai 2022 alikuwa na miaka 30 na alikuwa amecheza mechi 135 hivi tu za NHL katika maisha yake. Msimu wake wa mwisho Toronto ulisomeka asilimia 91.4 na ushindi 31, namba nzuri, lakini nusu ya kwanza ilikuwa ya nyota na ya pili ilikuwa ya kuhangaika. Wastani ulificha mteremko. Akapewa miaka 5. Kosa, nionavyo, lilikuwa ile miaka zaidi kuliko zile milioni. Milioni 5 kwa miaka 2 ingekuwa dau linalovumilika.

Juni 2024 walivunja mkataba. Utaratibu wa kuvunja kwa malipo ni huu: kwa mchezaji aliyefikisha miaka 26, timu inalipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ukisambazwa kwa miaka mara mbili ya iliyobaki. Campbell alibakiwa na miaka 3 na dola milioni 13.5. Theluthi mbili ni milioni 9, kwa miaka 6, sawa na 1.5 kwa mwaka. Kwenye kikomo hesabu inapinda kidogo, kwa sababu wastani wa mkataba na mshahara halisi havilingani. Mwaka wa kwanza mshahara ulikuwa 5.4, timu ikaokoa 3.9, ukitoa kwenye 5 inabaki 1.1. Mwaka wa pili ni 2.3, wa tatu 2.6, kisha 1.5 kwa miaka mitatu, hadi 2030. Tazama ule wa pili na wa tatu: pesa anazohesabiwa mtu asiyekuwepo zinakaribia mshahara wa Skinner.

Mkataba ukiwa umejaa bonasi za kusaini, njia hii haisaidii kabisa, kwani bonasi hulipwa zote na hazipunguzwi. Mawakala wanalijua hilo. Mkataba wa Carey Price na Montreal, miaka 8 na milioni 10.5 kwa mwaka, ulikuwa zaidi ya nusu bonasi. Aliifikisha timu fainali ya 2021, kisha goti likamwangusha. Msimu uliofuata alicheza mechi 5, na hakurudi tena. Kwa kuvunja mikataba vibaya, Minnesota ndio mfano wa kusikitisha zaidi: walipowaachilia Zach Parise na Ryan Suter mwaka 2021, walibeba dola milioni 14.7 za watu wasiokuwepo kwa misimu miwili mfululizo, 2023-24 na 2024-25.

Agosti 2024 Edmonton walipata pigo lingine. St. Louis waliwapelekea ofa rasmi vijana wao wawili ambao mikataba yao ilikuwa imeisha, Philip Broberg kwa milioni 4.58 na Dylan Holloway kwa 2.29. Edmonton walikuwa na siku 7 za kulingana na ofa hizo, hawakuwa na nafasi, wakawaachia na kupokea haki ya kuchagua chipukizi wa raundi ya pili na ya tatu. Holloway alifunga magoli 26 msimu uliofuata. Haitakuwa haki kumtwika Campbell lawama zote, kwa sababu mwaka ule alihesabiwa 1.1 tu, na Edmonton walikuwa wametumia pesa nyingine kwa washambuliaji wakongwe. Lakini timu inayoishi ukingoni mwa kikomo haina haja ya kosa kubwa ili ivuliwe vijana. Makosa madogo matatu yanatosha.

Florida na Vegas

Fainali ya 2023 ilikutanisha majibu mawili yaliyo mbali kabisa. Florida walikuwa na Sergei Bobrovsky, milioni 10 kwa mwaka kwa miaka 7. Vegas walimtumia Adin Hill, milioni 2.175, baada ya kupitisha makipa watano msimu ule kwa sababu ya majeraha. Vegas wakashinda mechi 4 kwa 1.

Kinachosahaulika ni kwamba miezi miwili kabla, Bobrovsky hakuwa hata kipa wa kwanza. Florida waliingia mtoano wakiwa na Alex Lyon golini, na Bobrovsky alirudishwa katikati ya raundi ya kwanza dhidi ya Boston, timu iliyokuwa imeweka rekodi ya pointi 135. Florida wakawatoa Boston. Kisha wakachukua kombe 2024 na tena 2025, mara zote mbili dhidi ya Edmonton. Mkataba uliochekwa kwa miaka mitatu ukazaa makombe mawili.

Je, Florida walimudu vipi milioni 10 golini? Kwa bei walizopata kwingine. Gustav Forsling, ambaye Carolina walimwacha huru Januari 2021 na Florida wakamwokota bure, alikuja kuwa mmoja wa mabeki bora wa ligi kwa milioni 2.67. Carter Verhaeghe alikuwa na 4.17, Sam Bennett 4.43, Brandon Montour 3.5. Kila mmoja wao angeuzwa karibu maradufu sokoni. Mikataba minne ya namna hiyo inalipa kipa mmoja ghali, na bado inabaki nafasi ya kumvumilia akiwa na mwaka mbaya. Edmonton wakati ule hawakuwa na akiba kama hiyo nyuma, ukitoa Leon Draisaitl ambaye kwa milioni 8.5 alikuwa zawadi.

Vegas nao si ushahidi wa kipa rahisi. Robin Lehner wa milioni 5 alikuwa kwenye orodha ya majeruhi msimu mzima, na nafasi yake ndiyo iliyowapa upana. Walichofanya vizuri ni mabeki warefu, wazoefu, waliofunga katikati na kumwachia Hill mashuti ya pembeni.

Meneja afanye nini

Kwanza, makipa wawili wapangwe pamoja, kama bidhaa moja. Timu hucheza usiku mbili mfululizo mara kumi na zaidi kwa msimu, na kipa aliyedaka jana hushuka kiwango leo. Wa pili atapata mechi 25 hadi 30, na humo mna pointi 50 hadi 60 za kugombania. Kumpa nafasi hiyo mtu wa kima cha chini ili uongeze dola laki 5 kwa mshambuliaji wa mstari wa nne, yaani kundi la mwisho la washambuliaji, ni biashara mbaya.

Pili, kipa wa tatu. Awe mchanga ambaye bado anaweza kupandishwa na kushushwa bila kutangazwa huru. Akishavuka kiwango cha misimu na mechi kilichowekwa na kanuni, kila safari ya AHL ni hatari ya kumpoteza, na makipa huchukuliwa zaidi mwezi wa kumi, timu nyingine zikiwa zimepata majeruhi.

St. Louis ya 2018-19 ndiyo inayofaa kukumbukwa hapa. Mwanzoni mwa Januari walikuwa wa mwisho katika ligi nzima. Jordan Binnington, aliyehesabiwa dola 650,000, alianzishwa kwa mara ya kwanza tarehe 7 Januari, hakufungwa, na Juni wakabeba kombe. Jake Allen, aliyekuwa mbele yake kwa milioni 4.35, hakuwa kipa mbaya. Tofauti ni kwamba mlango wa kujaribu mwingine ulikuwa wazi na haukugharimu kitu kwenye kikomo.

Tatu, kambi ya maandalizi. Boston walimuuza Linus Ullmark kwenda Ottawa Juni 2024, wakabaki wanamtegemea Jeremy Swayman, kisha mazungumzo yakaburuzwa hadi Oktoba. Akasaini miaka 8 kwa milioni 8.25 bila kufanya kambi. Aliokoa asilimia 89.2, mabeki wake wakuu wakaumia, na Boston wakamaliza na pointi 76. Kipa anahitaji kambi kuliko mtu yeyote, kwa sababu macho na pembe havifanyiwi mazoezi ukiwa peke yako.

Na hata ukifanya yote, mtoano una mashuti machache mno ya kukuhakikishia chochote. Hellebuyck alikuwa mchezaji bora wa ligi 2024-25, ushindi 47, Winnipeg wakaongoza NHL kwa pointi 116. Raundi ya kwanza dhidi ya St. Louis alitolewa golini katika mechi zote tatu za ugenini. Winnipeg walipona mechi ya 7 kwa goli la kusawazisha lililobakiza sekunde 1.6, wakashinda katika muda wa nyongeza wa pili, kisha wakatolewa na Dallas. Mashuti 25 kwa usiku, kwa usiku 7, ni 175. Kwa idadi hiyo, kipa bora na kipa wa kawaida wanaweza kubadilishana sura.

Sasa kikomo kinapanda kwa kasi: 95.5, kisha 104 msimu wa 2026-27, kisha 113.5. Price alipoanza mkataba wake mwaka 2018 alichukua asilimia 13.2 ya kikomo cha wakati ule. Bobrovsky alianza na 12.3. Shesterkin, aliyesaini Desemba 2024 kwa miaka 8 na milioni 11.5 kwa mwaka, ndiye kipa ghali kuliko wote waliowahi kuwepo, lakini ameanza na asilimia 12, na msimu wa 2027-28 atakuwa karibu 10. Kwa hiyo miaka ya katikati ya mkataba huo itakuwa nafuu kuliko inavyoonekana leo, na Rangers wana dirisha hilo la kununua mabeki aliowakosa. Mkataba unaisha 2033. Atakuwa na miaka 37.